MAISHA YA ALEXANDER GRAHAM BELL, MTAFUTA RISASI

Leo hapa Kampala ni vigumu kumwona mtu mzima asiye na simu. Muuza ndizi wa soko la Nakasero anayo, na dereva wa bodaboda anayo. Tena, ukiingia katika duka kubwa, askari wa mlangoni hukupitishia mwilini kifimbo kinacholia kikikuta chuma. Wengi wetu tunajua kwamba jina la Alexander Graham Bell limefungamana na simu. Lakini ni wachache wanaojua kwamba kifimbo kile cha askari nacho kina asili yake katika kazi ya mtu huyo huyo. Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, napenda kuwasimulieni maisha yake kwa kifupi.

Bell alizaliwa tarehe 3 Machi 1847 katika mji wa Edinburgh, Uskoti. Baba yake alikuwa mwalimu wa kuwafundisha watu kutamka maneno vizuri. Mama yake alikuwa mgumu wa kusikia, na usikivu wake ulizidi kupungua mwaka hata mwaka. Kijana Bell akajifunza kusema naye kwa sauti ya chini, mdomo wake ukiwa karibu na paji la uso wa mama, ili apate kuusikia mtetemo wa maneno. Huenda hapo ndipo alipoanza kufikiri habari za sauti. Alipokuwa mtoto bado alimtengenezea mwenye kinu mmoja, jirani yao, mashine ya kuondoa maganda ya ngano.

Kisha msiba ukaingia nyumbani. Ndugu zake wawili walikufa kwa kifua kikuu, mmoja mwaka 1867 na mwingine mwaka 1870. Wazazi wakaogopa kwamba na huyu wa tatu atawatoka, wakauza vitu vyao wakahamia Kanada mwaka ule ule wa 1870. Mwaka uliofuata Bell akaenda Boston, Marekani, kuwafundisha watoto viziwi. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa binti Mabel Hubbard, ambaye alipoteza kusikia kwa ugonjwa alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi. Wakaoana mwezi wa Julai 1877.

Mchana alifundisha, na usiku alijaribu vyombo vya umeme pamoja na fundi wake, Thomas Watson. Tarehe 7 Machi 1876 alipewa hataza ya simu, na siku tatu baadaye Watson akamsikia kwa waya akimwita kutoka chumba kingine. Watu wengine nao walidai kwamba wao ndio waliotangulia, na kesi zikawa nyingi mahakamani, lakini Bell alizishinda.

Sasa nafika katika jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tarehe 2 Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi katika stesheni ya reli mjini Washington. Risasi moja ilimkwaruza mkono, na nyingine iliingia mgongoni ikabaki ndani. Siku zile eksirei haikujulikana bado, maana iligunduliwa mwaka 1895. Madaktari wakaitafuta risasi kwa kutia vidole na vyuma ndani ya jeraha bila kunawa sawasawa, na Rais akazidi kudhoofika.

Bell aliposikia, aliacha kazi zake akaenda kusaidia. Alijua habari ya chombo kilichoitwa mizani ya umeme, alichokitengeneza David Hughes mwaka 1879. Namna yake ni hii. Koili mbili za waya huwekwa pamoja kwa jinsi ambayo moja hupitishiwa umeme unaokatwa-katwa, na nyingine huungwa na simu ya kusikilizia. Zikipangwa sawasawa, nguvu za upande huu hufuta nguvu za upande ule, na sikio halisikii kitu, kama mizani iliyotulia katikati. Lakini kipande cha metali kikija karibu, mizani huharibika, na sauti husikika katika simu. Bell na msaidizi wake, Sumner Tainter, walikijaribu mchana na usiku kwa risasi zilizofichwa ndani ya nyama, na hata kwa askari wazee waliokuwa na risasi za vita miilini mwao. Kikafanya kazi.

Tarehe 26 Julai walikipeleka kwa Rais. Sauti ikawa mbaya, kwa sababu sehemu moja iliungwa vibaya kwa haraka. Wakatengeneza, wakarudi tarehe 1 Agosti. Mara hii Bell alisikia sauti hafifu, lakini ilienea mahali pakubwa, wala hakuweza kuonyesha mahali hasa pa risasi. Baadaye akaambiwa kwamba chini ya godoro la Rais palikuwa na godoro jingine la nyaya za chuma. Watu wengi husema kwamba ndizo zilizoleta sauti ile. Zaidi ya hayo, daktari mkuu aliamini kwamba risasi iko upande wa kulia, na huko ndiko Bell alikoelekezwa. Rais alikufa tarehe 19 Septemba, na mwili ulipopasuliwa, risasi ilionekana upande wa kushoto, tena ndani sana.

Katika siku zile zile za Agosti, Bell alifiwa na mtoto wake mchanga, aliyeshindwa kupumua. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alitengeneza koti la chuma la kumsaidia mtu kupumua, kisha akatengeneza sindano iliyoungwa na simu, ambayo hutoa sauti ncha yake ikigusa risasi. Madaktari waliitumia kwa majeruhi kabla eksirei haijaenea.

Mimi naielewa taabu yake kidogo. Katika klabu yetu ya sayansi tulijaribu kutengeneza chombo kama hicho. Mpini wetu wa kwanza ulikuwa bomba la chuma, nasi tukasikia sauti kila mahali, hata pasipo na kitu! Tukalitupa bomba, tukatwaa mwanzi. Lakini koili zilikuwa nzito mbele, mkono ukachoka upesi, na kila ulipotetemeka sauti nayo iligeuka. Mwisho tukafunga kifuko cha mchanga nyuma ya kiwiko, na mpini ukatulia. Mafundi wa siku hizi hufanya vivyo hivyo, ila wao hutumia mipini ya nyuzi za kaboni, iliyo myepesi na isiyopindika, na kipande cha uzito nyuma cha kusawazisha.

Wala jambo hili si mchezo. Katika vita vya pili vya dunia, Józef Kosacki, afisa wa Poland, alitengeneza chombo cha kutafutia mabomu ya ardhini, ambacho askari mmoja aliweza kukibeba. Kilitumika huko El Alamein, Misri, mwaka 1942. Nchini kwetu mabomu yalitegwa kaskazini na karibu na milima ya Rwenzori, yakawakata miguu watu waliokuwa wakienda shambani. Wateguaji walipita hatua kwa hatua na vyombo vya namna hiyo, mpaka mwaka 1912 ukiongeza miaka mia, yaani 2012, Uganda ilipotangaza kwamba kazi imekwisha. Mtu aliyeshika mpini ule siku nzima kwenye jua anajua thamani ya mkono usiochoka.

Haifai kumsifu mtu na kuficha makosa yake. Bell alitaka viziwi wote wafundishwe kusema kwa mdomo, akapinga lugha ya ishara shuleni. Viziwi wengi waliumia kwa sababu hiyo, na hata leo hawamkumbuki kwa furaha. Katiba yetu ya mwaka 1995 imefuata njia bora zaidi, kwa kuwa inataka lugha ya ishara iendelezwe.

Bell aliendelea kufanya kazi mpaka uzee. Aliongoza kundi lililorusha ndege huko Kanada mwaka 1909. Alikufa tarehe 2 Agosti 1922 nyumbani kwake Nova Scotia, na wakati wa maziko simu za Amerika ya Kaskazini zilinyamazishwa kwa dakika moja.

Basi, wenzangu, tukumbuke kitanda kile cha nyaya. Chombo chaweza kuwa kizuri, na fundi akawa hodari, lakini asipouliza kilichopo chini ya godoro, na wakubwa wasipokubali kwamba huenda wamekosea upande, mgonjwa atakufa. Tujifunze kutengeneza, na tujifunze pia kuuliza.