Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 12: Maji ya Sayyid Barghash



Sayyid Barghash bin Said aligombea ufalme na kaka yake Majid mwaka 1859, akashindwa, akapelekwa Bombay. Mwaka 1870 akawa Sultani wa Unguja, mji ukiwa umetoka kuzika maelfu kwa kipindupindu. Akayaleta maji ya chemchemi kutoka Bububu kwa mabomba hadi mjini. Alifariki 1888, maji yakabaki yanatiririka.

Yeye aliyafuata, wewe wa Lushoto unaishi kwenye chemchemi zenyewe. Yakikupita yanashuka Soni mpaka mashamba ya mpunga Mombo, kwenye nyika kavu. Basi usilime hadi kwenye chanzo, wala usioshee bomba la dawa mtoni. Ndugu yako wa bondeni anafuturu kwa maji hayohayo.

Ramadhan Karim.