Stafford Beer na Uchumi wa Kuigizwa

Stafford Beer alizaliwa London mwaka wa 1926. Masomo ya chuo kikuu aliyakatiza mwaka wa 1944 alipoingia jeshini, akatumwa India. Baada ya vita aliajiriwa na kampuni ya chuma, na huko ndiko alikoizamia sibanetiki, taaluma ya mawasiliano na udhibiti. Ilimpa jina, na utajiri si haba.

Mnamo Julai 1971 alipata barua kutoka Chile. Mwandishi wake, Fernando Flores, afisa wa serikali mwenye umri wa miaka 28, alikuwa amevisoma vitabu vyake. Serikali ya Rais Salvador Allende ilikuwa ikitaifisha viwanda kwa kasi, ilhali urasimu iliourithi haukuweza kuviendesha. Novemba mwaka uo huo Beer akafika Santiago.

Mradi wa Cybersyn uliunganisha viwanda kwa teleksi na kupima uzalishaji wake kwa kompyuta. Ulikuwa pia na CHECO, kielelezo kilichouigiza uchumi wa Chile ili sera ijaribiwe humo kabla ya kuwafika wananchi.

Beer alimweleza Allende muundo wake wa utawala, ngazi baada ya ngazi. Alipokaribia ngazi ya tano, ya juu kabisa, alikusudia kumtaja rais mwenyewe. Allende akamtangulia: hapo ni mahali pa umma. Jibu hilo lilimgusa sana Beer. Hata hivyo, waliochora vielelezo vya viwanda walikuwa wahandisi, nao aghalabu walizungumza na mameneja kuliko wafanyakazi.

Oktoba 1972 wenye malori waligoma, na bidhaa zikaanza kuadimika. Ni kinaya kwamba kilichoiokoa serikali hakikuwa CHECO, ambayo matokeo yake bado hayakuaminika, bali teleksi, chombo cha kawaida kabisa. Kupitia kwayo ilijulikana ni barabara ipi inapitika na ni wapi penye upungufu.

Januari 1973 gazeti moja la Uingereza liliuanika mradi huo kama utawala wa kompyuta. Shutuma hiyo ilimuuma Beer, aliyedai kuwa anawapa wafanyakazi uhuru. Hoja haikupata muda wa kuamuliwa. Septemba 11, 1973, jeshi lilipindua serikali. Allende akafa, Flores akafungwa miaka mitatu, na chumba cha maamuzi chenye viti saba kikavunjwa.

Beer aliachana na anasa, akahamia nyumba ndogo huko Wales. Alifariki Toronto mwaka wa 2002.