Walter Kaaden: fundi aliyeipa dunia mwendo, kombe wakachukua wengine

Wadau, leo siasa tuiweke kando kidogo. Kama umelipia nusu saa hapo kafe, nipe dakika kumi tu, halafu endelea na mambo yako ya imeli.

Kuna mlio mmoja ambao kila mtu wa pwani anaujua: injini ya boti ya kuchanganya petroli na oili, mlio mkali kama nyuki, moshi wa bluu nyuma. Hiyo ndiyo injini ya mipigo miwili. Huko Marekani na Ulaya nako kuna vijana wanaokesha gereji na injini za aina hiyo hiyo, ila za pikipiki za majini, zile unazoendesha umesimama wima. Wanatafuta silinda za zamani, wanabadilisha ekzosi, lengo chombo kiruke juu ya mawimbi. Ukiwauliza nani aliyeifanya injini hii ndogo iwe na hasira namna hiyo, wanaojua historia watakutajia Mjerumani mmoja aliyefanya kazi na vifaa vya kuungaunga: Walter Kaaden.

Kaaden alizaliwa tarehe 1 Septemba 1919 katika kijiji cha Pobershau, jimbo la Saxony. Baba yake alikuwa dereva wa bosi wa mauzo wa DKW, kampuni ya pikipiki iliyokuwa na kiwanda mji wa jirani, Zschopau. Kwa hiyo dogo alikua na harufu ya petroli puani. Mwaka 1927, akiwa na miaka minane hivi, alipelekwa kushuhudia ufunguzi wa uwanja wa mbio wa Nürburgring. Ugonjwa ukaanzia hapo, haukupona tena.

Akasoma ufundi mjini Chemnitz, na mwaka 1940 akaingia kiwanda cha ndege cha Henschel. Hapa tusifiche kitu. Ilikuwa vita ya Hitler, na timu aliyokuwamo ilitengeneza Hs 293, bomu linaloachiwa kutoka kwenye ndege na kuongozwa kwa redio. Watu wengi hupenda kusema alitengeneza kombora la V-1, lakini hilo ni kosa linalorudiwa rudiwa. Vita ilipoisha Wamarekani walimshikilia kwa muda, kisha akarudi kwao.

Saxony ikaangukia upande wa Wasovieti, ambao baadaye ukawa Ujerumani Mashariki. Kiwanda cha Zschopau kilikuwa kimeng'olewa mashine na kupelekwa Urusi. Kaaden akafungua biashara ya mbao, akitengeneza fremu za mapaa, maana nyumba nyingi zilikuwa zimebomolewa kwa mabomu. Mchana mbao, usiku pikipiki. Akajitengenezea DKW ya cc 125 na kuingia nayo mashindano ya mitaani kwao. Wakubwa wa kiwanda, ambacho sasa kilikuwa mali ya serikali, wakamwona. Mwaka 1953 wakamkabidhi idara ya mbio. Mwaka 1956 kiwanda hicho kilianza kuitwa MZ.

Sasa wadau, tuliza akili kidogo, hapa ndipo penye utamu.

Injini ya mipigo miwili ya aina hii haina valvu kule juu. Pistoni yenyewe ikipanda na kushuka ndiyo inafungua na kufunga matundu kwenye ukuta wa silinda. Ni rahisi, nyepesi, bei poa. Tatizo ni kwamba wakati moshi unatoka, mafuta mapya nayo yanaingia, na mengine yanatoroka na moshi kabla hayajaungua. Ni kama kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Kaaden akagundua kwamba ndoo hiyo unaweza kuiziba kwa mlio. Tundu la moshi likifunguka, wimbi la mgandamizo linakimbia ndani ya bomba. Bomba likitanuka, wimbi linarudisha mvuto unaosaidia kusafisha silinda na kuvuta mafuta mapya. Likibanwa tena kule mwisho, wimbi linarudi kwa nguvu na kuyasukuma yale yaliyotoroka yarudi ndani, kabla pistoni haijafunga tundu. Ndiyo maana ekzosi ya pikipiki ya mashindano ina tumbo kama chatu aliyemeza mbuzi.

Tuwe wakweli, hakuanza yeye. Erich Wolf alikuwa ameshafunga bomba la namna hiyo kwenye DKW zake mwaka 1951. Ile sahani inayozunguka kuruhusu mafuta kuingia kwa wakati ilitoka kwa fundi mwingine, Daniel Zimmermann. Alichofanya Kaaden ni kuacha kubahatisha. Alichukua osiloskopu, chombo kinachochora mawimbi kwenye kioo, akapima kinachotokea ndani ya bomba, akakata, akachomelea, akapima tena. Mwaka 1954 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu za farasi 13. Mwaka 1961 ikafika 25. Bodaboda ya kawaida ya cc 125, hata leo hii, haifiki nusu ya hapo! Hakuna injini ya kuvuta hewa yenyewe iliyowahi kutoa nguvu kubwa namna hiyo kwa ukubwa wake kabla ya hiyo.

Na vyote hivyo kwa bajeti ya kuokoteza, huku akishindana na Waitaliano na baadaye Honda yenye mapesa. Mwaka 1958 Horst Fügner alishinda Sweden kwenye cc 250, ushindi wa kwanza wa MZ katika mashindano ya dunia. Kombe la dunia likaanza kunukia.

Mwaka 1961 likawa mkononi kabisa. Dereva wake Ernst Degner alikuwa anaongoza cc 125 mbele ya Tom Phillis wa Honda. Lakini tarehe 13 Agosti mwaka huo serikali ya Ujerumani Mashariki ilianza kujenga Ukuta wa Berlin. Degner alikuwa na mke na watoto wawili upande ule, na alikuwa ameshaanza mazungumzo ya siri na Suzuki, ambao pikipiki zao zilikuwa zinaachwa mbali.

Septemba wakaenda Kristianstad, Sweden. Injini ya Degner ikafa mapema. Baada ya mbio jamaa akaingia mitini, akavuka kwenda Denmark na kuendelea hadi Ujerumani Magharibi. Familia yake nayo ilitoroshwa, imefichwa kwenye buti la gari. Serikali ikamshutumu kwamba aliiharibu injini makusudi, na leseni yake ikafutwa, hivyo mbio za mwisho za Argentina zikampita. Kombe likaenda kwa Phillis.

Kabla mwaka haujaisha Degner alikuwa Hamamatsu, Japani, kwenye karakana ya Suzuki, na kila alichokiona kwa Kaaden alikuwa nacho kichwani. Mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia wa cc 50 akiwa na Suzuki, kombe la kwanza la dunia kuchukuliwa na injini ya mipigo miwili. Elimu ilitoka Zschopau, kombe likatua Hamamatsu.

Kaaden alibaki. Pesa ilikuwa ndogo, vipuri vya shida, na baada ya ukuta hata viza za kwenda kushindana nchi za Magharibi zilisumbua. Mwaka 1963 Mike Hailwood, Mwingereza, alipanda MZ na kushinda cc 250 pale Sachsenring, nyumbani kwa Kaaden. Hadi MZ ilipoachana na mbio hizo mwaka 1976, injini zake zilikuwa zimeshinda mara 13 na kupanda jukwaani mara 105. Kombe la dunia? Hata moja. Aliuona ukuta ukianguka mwaka 1989, akafariki Machi 1996 akiwa na miaka 76.

Lakini angalieni alichoacha. Kuanzia 1975 hadi 2001, kila bingwa wa dunia wa cc 500 alipanda pikipiki ya mipigo miwili yenye bomba la namna ile. Bomba hilo lilikuwa na kasoro moja: linafanya kazi vizuri kwenye mizunguko fulani tu, chini ya hapo injini inalegea. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Yamaha wakaleta pawa valvu, kijilango kwenye tundu la moshi kinachoshuka injini ikienda taratibu na kupanda ikikimbia, ili wimbi likute tundu kwenye kimo kinachofaa. Ndizo hizo silinda ambazo wale vijana wa pikipiki za majini wanazisaka mpaka leo. Zilibuniwa kutibu tatizo la bomba la mzee Kaaden.

Sasa swali kwenu. Degner alikuwa mwizi, au mtu aliyechoka kuzungushiwa ukuta akaondoka na mali pekee aliyokuwa nayo, yaani kichwa chake? Mimi binafsi simlaumu kwa kutoroka. Kinachoniuma ni huyu fundi aliyebaki na osiloskopu yake, akapiga msasa kesho yake kama kawaida. Huku kwetu pia wako mafundi wa namna hiyo, na majina yao hatuyajui.

Uwanja ni wenu, mwageni maoni hapo chini. Matusi sitayaweka.