Padri Albert Joubert, Mtoto wa Mrumbi

Baba yake Padri Albert alikuwa Mfaransa, Kapiteni Léopold Joubert, aliyezaliwa mwaka 1842. Kapiteni huyu alikuwa kwanza askari wa Baba Mtakatifu huko Roma. Mwaka 1880 akaja pamoja na Wapadri Weupe kwenye ziwa Tanganika. Hakuja kutafuta pembe za ndovu. Siku zile wafanyabiashara wa watumwa walichoma vijiji vya kando ya ziwa, na waliokimbia hawakuwa na pa kujificha. Kapiteni akawalinda kwa bunduki, kwanza Mpala, halafu katika kijiji cha Mtakatifu Ludoviko cha Mrumbi, upande wa kusini, alichokianzisha yeye mwenyewe.

Mwaka 1888 alimwoa binti Mkristo, jina lake Agnes Atakao. Alimwoa katika kanisa, mbele ya watu wote. Jambo hili si dogo. Wazungu wengi wa wakati ule walizaa na wanawake Waafrika, kisha wakaona haya kuwataja, na watoto wakakua bila kumjua baba. Joubert alikaa na mke wake na watoto wake mpaka kufa. Mtu amnyimaye mkewe heshima, atawezaje kumfundisha mwanawe kuwagawia majirani?

Katika nyumba hiyo Albert alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1908. Vita vya watumwa vilikuwa vimekwisha zamani, na baba alikuwa mzee wa miaka 66. Kwa hiyo Albert hakumwona baba akipigana. Alimjua kama mtu aliyetunza wagonjwa, aliyefundisha katekisimu, aliyeamua mashauri ya watu waliokuja kwake. Wengi wa watu hao walikuwa watoto na wajukuu wa wale waliookolewa.

Wazazi waweza kuhubiri juu ya ukarimu tangu asubuhi, na mtoto akayasahau yote kabla ya jua kuchwa. Lakini mtoto aonaye baba akiacha shughuli zake kwa ajili ya mgonjwa asiye wa ukoo wake, huyo hasahau. Na mama apelekaye sahani ya ndagala kwa mjane jirani, afadhali asiende peke yake. Mtoto ashike sahani, aingie naye, akae kidogo, amsikilize yule bibi. Mikono nayo hufundishwa.

Kapiteni alikufa mwaka 1927. Hakuacha mali nyingi, ila watoto wawili wa nyumba ile wakawa mapadri. Albert alipewa daraja takatifu mwaka 1935, akafanya kazi miaka 29. Mwishoni alikaa Fizi, milimani juu ya Baraka, pamoja na mapadri Wasaveri kutoka Italia, ambao walikuwa wamefika pande za Uvira mwaka 1958. Wao walikuwa wageni katika nchi hii. Yeye alikuwa mwana wa ziwa.

Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliteka nchi tangu Uvira hata Fizi. Tarehe 28 Novemba, huko Baraka, walimpiga risasi Bruda Vittorio Faccin. Padri Luigi Carrara alikuwa akiungamisha. Alitoka kanisani, akapiga magoti karibu na maiti ya mwenzake, naye akauawa hapohapo. Jioni ileile wauaji wakapanda mpaka Fizi. Padri Giovanni Didonè akawafungulia mlango, akauawa. Padri Albert alikuwa nyuma yake, akauawa vilevile. Umri wake ulikuwa miaka 56.

Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa Wenyeheri: Waitalia watatu, na pamoja nao mtoto wa Agnes Atakao.