Kazadi: Mataji manne, lawama ya dakika 21

Kazi ya ukipa ni kazi ya lawama. Straika akikosa mabao matano akafunga la sita, anabebwa juu juu. Kipa akiokoa matano akafungwa la sita, anasemwa mtaani wiki nzima. Kazadi Mwamba alilijua hilo kuliko makipa wengi wa Afrika.

Alizaliwa mwaka 1947 Elisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi leo. Akadaka Tout Puissant Englebert, ambayo ndiyo hii hii TP Mazembe inayowapa presha mashabiki wa Simba na Yanga. Mwaka 1967 timu hiyo ikachukua Klabu Bingwa Afrika, na 1968 ikalitetea kombe. Klabu nyingine haikuweza kufanya hivyo mpaka Enyimba ya Nigeria, 2003 na 2004.

Mwaka huo huo wa 1968, Kongo ilikutana na Ghana fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Addis Ababa. Ghana walikuwa wamebeba kombe mara mbili mfululizo na walilitaka la tatu. Kalala akafunga bao moja, langoni akasimama Kazadi, mechi ikaisha 1-0. Akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano, heshima ambayo makipa huipata kwa nadra sana.

Mwaka 1974 nchi ikiitwa Zaire, akabeba tena kombe hilo kule Misri, Zambia wakifungwa 2-0 katika fainali ya marudiano baada ya sare ya 2-2. Miezi mitatu baadaye Zaire ikaenda Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara.

Mechi ya kwanza walifungwa 2-0 na Scotland, wala haikuwa aibu. Shida ilikuwa kambini. Wachezaji walisimulia baadaye kwamba posho zao hazikufika na kidogo wagome kucheza na Yugoslavia. Wakaingia uwanjani Juni 18 vichwa vikiwa kwingine. Dakika ya 18 tayari 3-0. Dakika ya 21 kocha Blagoje Vidinić, Myugoslavia aliyewahi kuwa kipa mwenyewe, akamtoa Kazadi bila jeraha lolote. Akaingia Tubilandu, mfupi kwa kipa, na mpira wa kwanza kuushika aliuokota wavuni. Mpaka mapumziko 6-0, mwisho 9-0.

Mabao sita kati ya hayo yaliingia Kazadi akiwa benchi. Hata hivyo, watu wakikumbuka kichapo kile, jina lake ndilo hutajwa kwanza.

Siku nne baadaye alirudi langoni dhidi ya Brazil, mabingwa watetezi. Wachezaji walisimulia pia kwamba walionywa wasifungwe zaidi ya matatu. Wakafungwa matatu kamili. La tatu, la Valdomiro dakika ya 79, lilimpita Kazadi chini, likaivusha Brazil na kuitupa nje Scotland. Lawama nyingine tena.

Kazadi alifariki mwaka 1996. Mabao yale tisa bado yanasimuliwa, ila Addis Ababa haitajwi sana. Na tangu kikosi kile cha 1974, Kongo haijalibeba tena Kombe la Mataifa ya Afrika.