James Naismith, mwalimu aliyeanzisha mpira wa kikapu

Wasikilizaji wetu wengi wanalijua jengo la YMCA pale Moshi mjini, hata kama wanalitumia kuelekezana njia tu. Wachache wanajua kwamba mpira wa kikapu, huu unaochezwa na vijana wetu kwenye viwanja vya shule, ulizaliwa ndani ya chama hicho cha vijana Wakristo, mbali sana na hapa. Michezo mingi haina baba anayejulikana. Huu unaye, na leo tunaeleza maisha yake.

James Naismith alizaliwa tarehe 6 Novemba 1861 karibu na mji mdogo wa Almonte, jimbo la Ontario, nchini Kanada. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Uskoti. Mwaka 1870 homa ya matumbo iliwaua baba na mama ndani ya majuma machache, naye akiwa bado mtoto mdogo. Akalelewa na mjomba wake, Peter, kwenye shamba lenye kazi nyingi na maneno machache. Akiwa kijana aliacha shule akaenda kukata magogo msituni, kisha akarudi darasani akiwa mtu mzima, akakaa na watoto wadogo kwake. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaotusikiliza ambao nao waliacha shule wakadhani mlango umefungwa.

Huko kijijini watoto walikuwa na mchezo wao: jiwe linawekwa juu ya jabali, na kila mmoja analilenga kwa jiwe lake ili aliangushe. Naismith aligundua mapema kwamba anayerusha kwa nguvu hukosa, na jiwe lake huenda mbali, akalifuate. Anayerusha polepole, jiwe likapanda juu na kushuka, hupata. Mtoto yeyote wa mlimani aliyewahi kulenga parachichi mtini atamwelewa.

Alisoma katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, kisha akasomea uchungaji, huku akicheza mpira wa kukabana kwa nguvu, jambo ambalo baadhi ya walimu wake wa dini hawakulipenda. Mwaka 1890 akaenda Springfield, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kwenye chuo cha kuandaa viongozi wa YMCA.

Hapo ndipo shida ilipomkuta. Majira ya baridi ya huko si theluji ya Kibo tunayoitazama kwa mbali. Ni theluji inayofunika viwanja kwa miezi. Wanafunzi walifungiwa ukumbini wakifanya mazoezi ya viungo, wakachoka nayo. Darasa moja la wanaume 18 liliwashinda walimu wawili. Mkuu wake, Luther Gulick, akampa Naismith darasa hilo na siku 14 za kutafuta mchezo mpya wa ndani.

Alijaribu kuingiza michezo ya nje ukumbini, watu wakaumizana. Akakaa akachambua sababu. Watu hukabana na kuangushana kwa kuwa mwenye mpira anakimbia nao. Basi, mwenye mpira asikimbie nao. Na goli likiwa chini, mtu hupiga kwa nguvu zake zote. Basi, goli liwe juu ya vichwa, mpira uingie kwa kushuka, kama lile jiwe la utotoni. Kwa maoni yetu ugunduzi wenyewe uko hapa, kuliko kwenye kikapu.

Kikapu kilipatikana kwa bahati. Naismith alimwomba mtunza jengo masanduku mawili, hayakuwapo. Akaletewa makapu mawili ya kubebea mapichesi. Yakapigiliwa kwenye ukingo wa roshani, futi 10 kutoka sakafuni. Akaandika sheria 13, na tarehe 21 Desemba 1891 wakacheza, watu tisa kila upande, kwa mpira wa miguu wa kawaida. Lilifungwa bao moja tu, na William Chase. Makapu yalikuwa na vitako kama tenga la sokoni Mbuyuni, kwa hiyo baada ya bao mtu alipanda ngazi kuutoa mpira. Ilichukua muda kabla ya kukubaliana kwamba kitako hakihitajiki.

Vijana wa YMCA waliusambaza haraka. Mwaka 1895 ulikuwa umefika Tianjin, China. Naismith mwenyewe hakuugeuza kuwa biashara. Alisomea udaktari, na mwaka 1898 akahamia Chuo Kikuu cha Kansas. Timu aliyoifundisha huko ilishinda mara 55 na kufungwa mara 60. Hadi leo ndiye kocha pekee wa timu ya wanaume ya chuo hicho aliyefungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda.

Miaka ya 1930 alikuja kusoma hapo kijana mweusi, John McLendon. Timu ya chuo haikuwapokea weusi. Naismith alimchukua kama mwanafunzi wake, akamlea katika kazi ya ukocha, na McLendon akawa mmoja wa makocha wakubwa wa Marekani. Tungependa kuandika kwamba mzee huyo aliuvunja ukuta wenyewe. Hakuuvunja, McLendon alihitimu mwaka 1936 bila kuichezea timu hiyo hata mechi moja.

Mwaka huohuo mpira wa kikapu uliingia rasmi kwenye Olimpiki, mjini Berlin. Makocha wa Marekani walichanga fedha ili Naismith, mwenye miaka 74, aende kuuona. Fainali ilichezwa nje, mvua ikinyesha, mpira haudundi kwenye tope. Marekani ikaifunga Kanada 19 kwa 8. Naye akakabidhi medali. Kati ya timu zilizokuwapo ilikuwamo China, iliyowafunga Wafaransa.

Alifariki tarehe 28 Novemba 1939 huko Lawrence, Kansas. Hakuiona ligi ya kulipwa ya China iliyoanza mwaka 1995, wala timu ya jeshi la nchi hiyo, Bayi, iliyotwaa ubingwa wake mara nane kisha ikajitoa mwaka 2020. Wala hakumwona Mtanzania wetu Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2, akichaguliwa wa pili mwaka 2009 kuingia ligi kuu ya Marekani.

Goli bado liko palepale pa ukingo wa ile roshani. Shule inayotaka kusimamisha lake ipime mita 3 na sentimita 5 kutoka ardhini hadi kwenye duara la chuma.