Kapiteni Joubert

Mtu akisimama Baraka na kutazama mashariki, huiona rasi ndefu ya Ubwari iliyoingia ziwani. Pande hizo, katika miaka ya 1880, watu walilala kwa hofu. Wafanya biashara ya watumwa walikuja na bunduki, wakachoma vijiji, wakawafunga watu kamba, wakawavusha Ziwa Tanganyika mpaka Ujiji. Toka Ujiji mpaka pwani ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu, na wengi walikufa njiani.

Siku hizo alifika Mfaransa mmoja, jina lake Léopold Joubert. Alizaliwa Saint-Herblon tarehe 22 Februari 1842. Alipokuwa kijana wa miaka 18 alikwenda Roma kuwa askari wa Baba Mtakatifu. Mwaka ule ule alijeruhiwa vitani, akatekwa. Alipofunguliwa alirudi kazini, akadumu mpaka Roma ilipotwaliwa mwaka 1870. Baadaye Askofu Lavigerie alitafuta watu wa kuwalinda mapadre wake waliokwenda Tanganyika. Joubert akakubali, akafunga safari mwaka 1880.

Kwanza aliwasaidia mapadre huko Masanze, kisha Kibanga, upande wa Ubwari. Mapadre walikuwa wakikomboa watumwa, hasa watoto. Lakini fikirini: mtumwa akifunguliwa kamba aende wapi? Kijiji chake kimekwisha kuchomwa, ndugu zake wametawanyika, hana shamba, wala hana mzee wa ukoo wa kumtetea. Akitembea peke yake siku mbili tu, atakamatwa tena. Basi kumkomboa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumpa mahali pa kukaa. Ndiyo maana vilijengwa vijiji. Vijana waliokombolewa walipofikia umri wa kuoana walipewa kiwanja na shamba. Wakakata nguzo na fito, wakakandika udongo, wakaezeka nyasi, wakawa na nyumba yao wenyewe. Mtu aliyeuzwa kama mbuzi sasa alikuwa na mlango wa kufunga usiku.

Mwaka 1885 Joubert alirudi Ulaya, lakini hakukaa. Mwaka 1887 alifika Mpala, kusini zaidi, apate kuwalinda watu wa huko. Hakuwa na jeshi la Wazungu. Aliwafundisha vijana wa nchi ile ile. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, binti wa huko, wala hakurudi Ulaya tena. Kisha akajenga kijiji chake Mrumbi, akakiita Saint-Louis. Waliokimbia vita walikusanyika kwake.

Rumaliza, mkubwa wa biashara ya Ujiji, alikuwa na bunduki nyingi kuliko zake. Kwa muda mrefu watu wa Mrumbi waliishi kama waliozingirwa. Mwezi wa Oktoba 1891 alifika Kapiteni Jacques wa Ubelgiji kuwasaidia, na vita vikaendelea miaka mingine. Mwaka 1894 Rumaliza alikuwa amekwisha shindwa.

Neno moja lisifichwe. Vijiji vile vilikuwa kama serikali ndogo: bunduki, sheria na hukumu, vyote vilikuwa mikononi mwa wageni, na aliyekaa humo alipaswa kutii. Wenye nchi hawakuulizwa sana. Lakini mama aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni alijua kwa nini alikwenda huko.

Vita vilipokwisha, Joubert angeweza kwenda kwao kupumzika. Yeye alibaki na Agnes, wakalima, wakalea watoto wao. Ugonjwa wa malale ulipoua watu wengi Mrumbi, walihamia Misembe, karibu na Moba. Huko Kapiteni alifariki tarehe 27 Mei 1927, mwenye miaka 85.

Mwanawe Albert, aliyezaliwa mwaka 1908, akawa padre. Yeye alitumwa Fizi, nchi ile ile baba yake alikoanzia kazi, akasimamia shule. Vita vya mwaka 1964 vilipofika huko, hakuondoka. Tarehe 28 Novemba aliuawa Fizi pamoja na Padre Giovanni Didonè. Siku hiyo hiyo Padre Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin waliuawa Baraka. Wote wanne walitangazwa wenye heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024.